Hodi ya Ijumaa

Harufu ya amwani ikinipita puani, hata niwe mjini katikati ya watu, narudi mara moja Mabira, kwenye stoo ya shule yetu ya msingi. Amwani ni kahawa yetu ya kutafuna: huchumwa mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu, kisha huanikwa juani hadi ikauke. Kwetu Karagwe (siku hizi upande ule ni Kyerwa) mgeni haondoki bila kutafuna mbili tatu. Nilipokuwa darasa la sita, miaka ya themanini, harufu hiyo ilianza kutoka stoo kila Ijumaa baada ya masomo, pamoja na vicheko, nami nilikuwa na udadisi wa mbuzi: penye upenyo lazima niingize kichwa.

Walioingia humo ndio walionitia wazimu, maana walikuwa wanyonge wa shule: mvulana mwenye kigugumizi, msichana mrefu kupita walimu, na Adela, niliyeketi naye dawati moja. Wazazi wa Adela walitoka Rwanda, wakaishi kwenye vibanda vya vibarua katika shamba la tajiri mmoja. Deusi wa darasa la saba alimpora ndizi zake za kuchemsha kila mapumziko, kisha akamzibia mlango wa darasa. "Nyie watu wa kuja hamna hata mlango wa kubishiwa hodi," alimwambia. Mjomba aliyekuwa akimlea Adela alikwishakata shauri: akirudi na machozi tena, shule basi, akapalilie kahawa. Adela alikuwa na miaka kumi na minne na alipenda hesabu kuliko chakula. Niliogopa kubaki peke yangu kwenye lile dawati.

Mwalimu Kokugonza, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ndiye aliyeanzisha hizo Ijumaa. Nilipochoka kuchungulia nilimwendea. "Shikamoo mwalimu. Mle ndani mnafanya nini?" Akacheka. "Marahaba. Kuuliza si ujinga, lakini pale hatuulizi, tunabisha hodi. Mwenye nyumba akitaka, atakukaribisha." Nikabisha, na aliyefungua alikuwa Adela. Kumbe kila mwezi mmoja wao alikuwa mwenye nyumba: alitandika majani makavu ya mgomba, akapokea wageni, akawagawia amwani kutoka kwenye kikapu chenye mfuniko, akachagua na mazungumzo. Hakuna aliyelazimishwa kusimulia mateso yake. Siku hiyo tulibishana kama nyuki hulala.

Udadisi haukuwa wangu peke yangu. Ijumaa iliyofuata, mvua ikinyesha, Deusi naye alibisha hodi. Vicheko vilikatika. Adela alisimama mlangoni na kikapu chake. "Nyumba imejaa," akasema, akafunga. Nilimgeukia mwalimu nikidhani atamkemea, lakini yeye alikuwa anatafuna tu. Nilishangaa mno. Kulikuwa na mlango ambao Adela angeweza kuufunga! Wiki nzima tulingoja kisasi, lakini Deusi alimpita tu, akimtupia jicho kama mtu mwenye swali. Ijumaa akarudi, shati limechomekewa.

"Hodi hapa."

"Umekuja kama mgeni, au umekuja kama Deusi?" Adela aliuliza.

"Kama mgeni."

Akakaribishwa, akapokea amwani kwa mikono miwili. Kwetu hutafuni kahawa ya mtu leo, kesho ukamnyang'anya ndizi. Ni aibu ambayo hata Deusi hakuiweza. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, nami nilimwona mwenyeji akipona kwa macho yangu. Adela alimaliza la saba, na hesabu zake ziliendelea kunitesa.

Sasa binti yangu yuko sekondari. Shule yao ina chumba cha ushauri kwa watoto wanaoonewa, kimepakwa rangi nzuri, kina viti laini na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Nilifurahi kweli, nikamwuliza maswali mpaka akachoka. La mwisho nilitaka kujua ni nani anayebisha hodi kwenye mlango wa chumba hicho. Akanishangaa.

"Si yule anayeonewa, mama?"