Chupa Niliyoibandua Karatasi

Karatasi ya chupa ya dawa niliibandua mwenyewe, kwa maji ya moto na kucha. Mume wangu hakutaka mtu yeyote kambini ajue kwamba binti yetu ana virusi vya ukimwi. "Sema ni vitamini," akaniambia, kisha akarudi kwenye lori lake. Nikasema ni vitamini. Mjinga mimi.

Tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, tumekimbia vita Masisi: mimi, binti yangu wa miaka mitatu, mama mkwe na watoto watatu wa shemeji, wote chini ya turubai moja la shitingi. Vidonge vya mtoto viliyeyushwa kwenye kijiko cha maji, vina utamu kama wa matunda. Kila alfajiri mimi nilikwenda mjini, mtaa wa Mabanga, kufulia watu nguo, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyempa.

Siku moja naishika chupa, nyepesi. Mwezi haujafika hata nusu.

"Mama, dawa iko wapi?"

"Si batoto bamekula."

"Batoto gani?"

"Bote! Bajukuu bangu banakula sahani moja, halafu vitamini nimupe mumoja, bengine bamuangalie mudomo? Miye si muchawi."

Akacheka. Nilitaka kumtupia ile chupa usoni. Lakini kwao mtoto halishwi peke yake mbele ya wenzake. Yeye alifanya lililo sawa. Uongo ulikuwa wetu.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliitikisa chupa. "Umeuza, mama?"

"Nimuuzie nani?" Foleni nzima ikageuka. "Mama mkwe amewagawia watoto wote. Hajui ni ya nini."

Akanipa nyingine. "Hao wengine walete niwaone. Na huyo mama umwambie leo. Mtoto akikosa hii, virusi vinaamka."

Nikamwambia jioni, tukichambua maharagwe. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Na mutoto wangu, bwana yako?"

"Yeye ndiye aliyekataza niseme."

Mama mkwe akainamia ungo. Maharagwe yaleyale aliyachambua mara mbili.

Asubuhi sikwenda Mabanga. Wajukuu walijipanga kama kawaida, midomo wazi. Mama mkwe akawasukuma kwa kiwiko.

"Hii ni ya huyu peke yake. Muende!"

"Tate mubaya!" mdogo wao akamlilia bibi yake.

Yeye hakugeuka. Alikoroga, akamshikia binti yangu kijiko mdomoni hadi akameza.