Shokapu za Ambilikile

Ambilikile wa Masoko amebeba ndizi kwa pikipiki tangu ujana wake. Huifunga mikungu kwenye kerea ya nyuma kwa mipira, akapanda nayo mpaka soko la Tukuyu, mvua inyeshe, barabara iwe utelezi mtupu. Hana shule kubwa wala shamba kubwa. Ana mkewe Tulinagwe, binti yao Sekela, na pikipiki moja ya bei rahisi ambayo Jumamosi huivua kerea, vioo na taa, akaenda nayo kwenye mbio.

Mwaka huu alitaka jambo moja tu: awe mmoja wa wawili watakaochaguliwa kwenye mbio za Masoko kwenda kushindana Mbeya. Umri unamwacha, na vijana wa Kiwira wanakuja na nguvu. Alijua hapati nafasi nyingine.

Lakini pikipiki ilimkataa. Kila kona yenye mawe gurudumu la nyuma lilirukaruka, na tairi likaliwa ovyo, hapa shimo, hapa nundu, kama limetafunwa na mbwa. Watu pembeni ya njia walimzomea.

"Chura! Chura wa Masoko huyo!"

Akaenda kwa Ezron, fundi wa Tukuyu. Ezron hakuinama hata kutazama. Alibonyeza tairi kwa kidole, simu ikiwa sikioni.

"Tairi feki hili, kaka. Weka jipya."

Akaweka jipya. Likaliwa. Akarudi.

"Jaza upepo, liwe gumu kama jiwe."

Akajaza. Likaruka zaidi, likaliwa upesi zaidi. Huo ndio ufundi wa leo: kubadilisha na kujaza. Nimewahi kuishi na mafundi baiskeli wa hapa ambao hawakugusa spana kabla ya kukuuliza unabeba nini, unapita njia gani, mkeo anakaa nyuma au hakai. Wamekufa wote, na hakuna aliyekaa chini kujifunza kwao. Waliorithi vibanda vyao walirithi mabati tu.

Siku ya mwisho kabla ya mbio alipeleka ndizi sokoni, Tulinagwe akiwa amebanwa kati yake na mikungu. Wakati wa kurudi kerea ilikuwa tupu. Hawajatoka hata mjini, Tulinagwe akapiga kelele.

"Baba Sekela, simamisha! Unanivunja kiuno!"

"Njia mbaya, mama."

"Njia ni ileile ya asubuhi! Asubuhi tumetulia kama tumekaa kitandani. Sasa haina mzigo, inanirusha. Kesho nenda na mikungu kwenye mbio zako, labda utashinda."

Alitania, lakini Ambilikile alishuka akachuchumaa kando ya shokapu, zile springi za gurudumu la nyuma. Huku kwetu kila mbeba ndizi hukaziwa springi za nyuma mpaka mwisho, kisha hupachikiwa vipande vya raba ya tairi kuukuu katikati ya mizunguko yake, ili zisilale kwa uzito. Jumamosi wote huvua kerea, na wote husahau raba. Springi iliyofungwa kwa ajili ya mikungu haibonyei kwa mtu mmoja mwembamba. Jiwe likilipiga gurudumu, linaruka. Likitua, linasota na kujitafuna.

Na raba zile alizipachika nani? Ezron huyohuyo.

Ambilikile akageuza pikipiki, akarudi kibandani kwa Ezron.

"Ulijua!"

"Nilijua nini, kaka?"

"Raba umeweka wewe! Springi umekaza wewe! Nimekuja hapa nikarudi, nimekuja nikarudi!"

"Sasa mbona unanifokea? Ulileta tairi, nikatazama tairi. Ungeleta shokapu, ningetazama shokapu."

Waliokuwa kibandani wakacheka, wakaona amejibu vizuri. Nilikuwepo. Mkono uliniwasha nimzabe kofi.

Ambilikile akanyakua spana, akang'oa raba mwenyewe. Akalegeza springi, akakaa juu, akalegeza tena, mpaka nyuma ikashuka kidogo kwa uzito wake na kupanda taratibu. Akapunguza upepo. Kilichobaki ni lile tairi lililoharibika, na maduka yote ya Tukuyu yalikuwa yameishiwa saizi yake.

Kesho yake hakuna aliyetaja chura. Gurudumu lilishika ardhi kwenye mawe, kwenye changarawe, na Ambilikile akawa wa pili mpaka kona ya mwisho, yenye tope. Pale tairi likakanyagia upande wake ulioliwa, likateleza. Hakuanguka. Lakini kijana wa Kiwira alipita kwa ndani, na Ambilikile akamaliza wa tatu.

Tulinagwe alimpokea kofia.

"Umefika mzima, baba Sekela."

"Sikuja kufika mzima. Nilikuja kwenda Mbeya."

Ezron naye akaja, anatabasamu, amenyoosha mkono. "Hongera, kaka! Wa tatu si mchezo."

Ambilikile aliutazama ule mkono, akauacha hewani. Zamani, mtu angekataa mkono wa mwenzake hadharani, wazee wangewaita wote wawili jioni ileile, na Ezron angeulizwa alichofanya mpaka akakataliwa, tena angejibu amesimama. Siku hizi hakuna wa kuita. Watu walikuwa wamewazunguka wale wawili wa kwanza, wanapiga picha.