Kifaru cha Cuthbert na Korosho za Moto

Kama umewahi kushuka basi pale stendi ya Newala na kiatu chako kimefumuka, basi Cuthbert unamjua. Ndiye yule mwembamba wa kibanda cha bati, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Jirani yake ni mie, Mama Mudathiri, muuza korosho. Miaka kumi na minne tumekaa ubavu kwa ubavu, yeye akinuka gundi, mie nikinuka moshi. Na gundi yake ilikuwa kali: nzi akitua mezani kwake haruki tena, anarudi kwao kwa miguu. Nimemwona kwa macho yangu, na njiani akapumzika mara mbili.

Cuthbert hakuzaliwa kushona viatu. Alizaliwa kuwa askari, ila miguu yake haikuambiwa. Alikwenda kujiandikisha jeshini mara tatu. Mara ya kwanza wakasema nyayo zake ni bapa kama mwiko wa ugali. Mara ya pili akazibana kwa vitambaa usiku kucha ili zifanye tao, wakamvua vitambaa. Mara ya tatu, hata hajavua viatu, daktari akamwambia, "Miguu hii naifahamu. Isalimie nyumbani."

Mwanamume mwingine angeingia kwenye pombe ya uraka asitoke. Cuthbert alitafuta kopo la maziwa, akalifungua kwa mkasi, akatengeneza lori la jeshi. Baada ya lori ikaja jipu. Baada ya jipu, gari la deraya. Na usidhani nasema vile vigari vya waya vya kukokota kwa kijiti. Kila kitu kwake kina kipimo. Anasema unachukua gari la kweli, unaligawa mara thelathini na tano. Shule mie niliiona kwa nje tu, nilipokuwa napita na kuni, lakini hesabu hiyo nimeielewa: mtu mzima anakuwa sawa na kidole changu, na kifaru kizima kinalala kwenye shubiri.

Minyororo ya kifaru aliikata kwenye soli za kandambili, kipande kimoja kimoja, vipande tisini kila upande. Taa ni shanga. Mtutu ni mrija wa kalamu, kwa sababu mti ukiuchonga mwembamba kiasi hicho unavunjika. Rangi ya kijani ilibaki walipopaka geti la mtu, ya kahawia ilibaki walipopaka madirisha ya kanisa, akazikoroga hadi zikakubaliana. Anapaka siku tatu. Ikishakauka na kupendeza, mwenyewe anaanza kuichafua! Anachukua kiwi nyeusi, anailainisha kwa petroli, anaipitisha kwenye mifereji. Anachukua brashi kavu, anagusa kutu hapa na pale. Mwisho anachekecha udongo wetu mwekundu kwa kitambaa na kuupuliza juu, fuu, fuu, kama anampozea mtoto uji.

Nikamwambia, "Cuthbert, siku nne unachafua? Ungenipa mie, wajukuu zangu wangekimaliza kwa dakika moja."

"Bibi," akasema bila kuinua kichwa, "uchafu nao una kipimo chake."

Watu wa stendi walimcheka. Makondakta wakipita walimpigia saluti. Yeye aliipokea, tena vizuri, mkono umenyooka.

Basi, Alhamisi moja akaja Bibiana. Huyu ni mwanamke wa Masasi, analeta vitenge kwenye soko letu, mnene wa kutosha, mcheshi, anatembea kama barabara ameinunua. Kamba ya ndala yake imekatika. Akamkabidhi Cuthbert ndala, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, macho yakaangukia kwenye kifaru kilichokuwa kinakauka.

"Fundi," akasema, "hiki mbona kina matairi matano upande huu, na upande ule manne?"

Cuthbert akajichoma sindano. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuhesabu.

"La tano halijakauka, mama. Wewe umejuaje kuwa ni matano?"

"Mjomba wangu alikuwa dereva wa kifaru. Mie nyimbo za kulazwa sikuimbiwa. Nilihesabiwa matairi."

Ndala ile ilishonwa kwa saa mbili. Alhamisi iliyofuata ikakatika tena, na nilimwona mie kwa jicho hili Bibiana akiikata kwa wembe nyuma ya choo cha stendi. Nikanyamaza. Cuthbert alikuwa mgane mwaka wa tisa, na mie nilikuwa nimechoka kumsikiliza akiongea na lori.

Lakini kwa watu wetu huku, mtoto wa kike hatolewi na baba. Mtoto ni wa mjomba. Mjomba akitikisa kichwa, hata baba akichinja ng'ombe ni bure. Bibiana ndoa ya kwanza aliingia bila kumsikiliza mjomba wake, na mume akaondoka na cherehani na mwanamke wa jirani, vyote kwa safari moja. Kwa hiyo safari hii akaapa: "Mjomba asipokubali, Cuthbert, tusidanganyane. Nitakuja kushona ndala tu."

Na mjomba mwenyewe ni Sajini mstaafu Nikolao, anakaa Masasi chini ya ule mlima wa mawe. Mji mzima unamwita Bila Mkwaruzo. Alikwenda vitani Uganda na kifaru, akarudi nacho, na tangu siku hiyo hajamaliza sentensi bila kusema kifaru chake kilirudi bila mkwaruzo. Ukimwamkia shikamoo, atasema marahaba, nilirudi bila mkwaruzo.

Cuthbert alipokwenda kujitambulisha, Sajini alimtazama kuanzia miwani mpaka nyayo, akakaa hapo kwenye nyayo.

"Nasikia unacheza na vigari."

"Natengeneza, Afande."

"Mtu wa miaka hamsini na mbili!" Akacheka mpaka mbwa akaamka. Kisha akaacha ghafla. "Haya. Kuna kifaru kimoja tu ninachokijua kama kiganja changu. Nitengenezee hicho. Nikiona kasoro moja, hata ya tundu la msumari, nisikuone tena kwangu, wala nisimsikie Bibiana akikutaja."

Miezi mitano Cuthbert hakulala vizuri. Bibiana alimpigia picha kwa simu ile picha ya Sajini na kifaru iliyoning'inia sebuleni kwa mjomba, akaileta, na Cuthbert akaitazama mpaka nikaogopa ataichubua. Kilipokwisha, nakwambia, kifaru kile ungekitia mafuta kingewaka.

Mwenye posa haendi mwenyewe, anatuma mshenga. Nani mwingine zaidi ya mie? Mdomo uko jirani.

"Bibi," Cuthbert akaniambia asubuhi ile, anakifunga kifaru kwenye kitambaa cheupe kama anakivisha sanda, "kitu kimoja tu. Usikiweke karibu na moto. Ule mtutu ni wa kalamu."

"Mie mtoto?" nikamjibu. "Moto nitautoa wapi ndani ya basi?"

Sasa niambie: mshenga anakwenda mikono mitupu? Haendi. Na mie nina nini duniani zaidi ya korosho? Nikakaanga za chumvi, kilo mbili, nikazitia kwenye mfuko zikiwa zinapiga kelele. Kifaru nikakiweka chini kwenye kikapu, korosho nikaziweka juu ili abiria wasione nimebeba silaha. Kondakta kwa heshima ya mvi zangu akanikalisha mbele, na kikapu akakisogeza mwenyewe pembeni ya injini. Nikalala kabla hatujaanza kuteremka, nikaamka Masasi.

Nikafungua kitambaa nichungulie. Ee Mungu wangu! Mtutu uliotoka Newala umenyooka kama alifu ulikuwa umelala kama mkia wa mbwa aliyekemewa. Nikaujaribu kidogo kwa kidole. Umeshapoa, mgumu, ukalia *tik*. Nikauacha.

Simu ikalia. Cuthbert.

"Bibi, kimefika salama?"

"Salama kabisa, mwanangu. Kinakusalimia."

Njia nzima kwenye bodaboda nilikuwa napanga maneno. Nirudi? Nirudi nikamwambie nini? Kwamba miezi mitano yake nimeikaanga na chumvi? Nikasema hapana, nitaingia, Mungu hamtupi mwongo mzee.

Sajini alinipokea vizuri. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, akasema alirudi bila mkwaruzo, nikampa pole. Mkewe Agatha akapokea korosho akaingia jikoni kupika chai, na Bibiana yuko huko huko anavunja vikombe kwa wasiwasi. Tukabaki wawili, na kile kitambaa cheupe katikati ya meza.

Akakifunua kuanzia nyuma. Alivaa miwani, akakiinamia. Akahesabu matairi. "Matano. Na pengo kati ya la kwanza na la pili! Raia gani anajua hilo pengo?" Akahesabu minyororo kwa ncha ya kijiti cha meno. Akagusa vumbi, akaliweka ulimini. Mzee yule macho yalianza kulowa. "Hata doa la mafuta hapa… huyu kijana ni mchawi?" Kitambaa kikaendelea kuteleza, kikafika mbele.

Nilisikia kuku wa jirani akifikiri.

"Mama Mudathiri. Hiki nini?"

Mie huwa sijui mdomo wangu utasema nini mpaka uwe umeshasema. Nikavuta shungi langu, nikamtazama usoni.

"Sajini, mbona unaniuliza mie kitu unachokijua wewe? Ulimwambia fundi atengeneze kifaru chako, asikosee. Fundi ameuliza waliokuwepo. Amekipinda palipopinda."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akageuka kutazama mlango wa jikoni, akashusha sauti mpaka ikawa ya panya.

"Nani kasema?"

Hapo nikajua nimekanyaga kitu. Mtu asiye na jambo huuliza, "Kasema nini?" Mwenye jambo ndiye huuliza, "Nani kasema?"

"Dunia ina masikio," nikamwambia.

"Lakini kwenye picha umenyooka!"

"Picha ilipigwa lini, Sajini?"

Akakaa. Kiti kikalia, naye karibu alie. "Kabla ya ajali. Ajali yenyewe ilikuwa tumesharudi," akanong'ona. "Vita vimekwisha. Tunarudisha magari kambini, nimechoka, narudi nyuma, nageuza… choo. Kilikuwa choo cha zege, mama. Mtutu uliingia ukutani."

"Maskini. Na ndani kulikuwa na mtu?"

"Kapteni."

Nililing'ata shungi langu. Wallahi nililing'ata mpaka leo lina tundu.

"Alitoka mzima?"

"Mzima, ila hakumaliza. Tukaandika kwamba mtutu uliharibiwa na adui. Agatha hajui. Miaka yote hii hajui. Mama, Masasi nzima inaniita…"

"Naijua inavyokuita." Vikombe vikasikika vinapangwa kwenye sinia. "Chai inakuja, Sajini. Fundi yule siri yako anayo mikononi, na hakumwambia mtu. Ameitengeneza tu na kuichafua kwa kipimo. Je, mtu wa namna hiyo ni wa kukaa nje ya ukoo, au ndani?"

Agatha akaingia na chai, Bibiana nyuma yake, macho kama taa za lori.

"Mbona kimya?" Agatha akauliza. Akakiona kifaru. "Ee, na hili bomba mbona limelegea?"

Sajini akasimama mkao wa gwaride. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Kazi ya adui. Sikupenda kujisifu. Kijana hajakosea hata msumari. Bibiana, mwambie aje na wazee wake."

Bibiana akapiga kigelegele, akaangusha kikombe cha mwisho.

Jioni ile nilimpigia Cuthbert. Alilia, halafu akauliza kama Sajini ameliona lile pengo la tairi. Nikamwambia ameliona. Akalia tena.

Ndoa ilifungwa mwezi wa saba. Siku ya kumpeleka bwana harusi kwa mjomba, Cuthbert akakiona kifaru chake sebuleni, chini ya ile picha, na mtutu umelala. Akageuka rangi. Nikamwona anaingiza mkono mfukoni kutafuta kiberiti, ili aupashe na kuunyoosha. Sajini akampiga kofi mkononi.

"Acha! Usiguse historia!"

Cuthbert akanitazama mie. Mie nilikuwa natafuna korosho, na mtu mzima hasemi na chakula mdomoni.

Sajini alikuwa ameniapisha kwamba sitamwambia mtu yeyote wa Masasi, nami nimeapa na nimetimiza. Wewe ni wa Newala.

Ila siku hizi Bila Mkwaruzo anapanda basi kila mwisho wa mwezi kuja kukaa kwenye kibanda cha mkwe wake. Anasaga kiwi, anapuliza vumbi, anagombana naye kuhusu kutu. Mezani wana kazi mpya wanaifunika kwa gunia. Agatha ameambiwa ni kibanda cha mlinzi. Jana nimechungulia: ukuta wa zege, umebomoka upande mmoja, umegawanywa mara thelathini na tano. Na Cuthbert alikuwa ameshika kipande cha mpingo, sawa na kidole changu, anamchonga Kapteni, akimuuliza mzee kwa adabu zote kama suruali ilikuwa magotini au chini zaidi.