Mibuni Aliyoing'oa Baba

Baba aling'oa mibuni yetu ya Subukia nikiwa darasa la sita. Bei ilikuwa imeanguka, kila mtu akasema kahawa imekwisha, naye akachukua shoka asije akaachwa nyuma. Akapanda mahindi. Miaka ikapita, bei ikapanda, na jirani yetu, ambaye uvivu tu ndio uliomzuia kung'oa, akawa anachuma buni nyekundu ng'ambo ya ua. Hadi baba alipokufa, kila akikatiza shamba lile alipazunguka mahali miti iliposimama, kushoto, kulia, kana kwamba matawi yangemkwaruza. Sisi watoto tulimcheka sana. Siku hizi sicheki.

Mimi nilisomea kompyuta, na kazi hiyo imenilisha Nakuru mjini miaka yote. Sasa programu niliyokuwa nikiiandika wiki nzima, mashine inaiandika kabla chai yangu haijapoa. Vijana waliotoka chuo hawaajiriwi tena ofisini kwetu. Viti vyao vipo, vitupu, nami naviogopa.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kompyuta hiyo hiyo. Nilimwambia achukue uuguzi, wagonjwa hawatakwisha duniani.

"Mum, si wewe uliipenda? Mbona mimi uninyime?"



Kwetu mtoto haendi chuo bila kubarikiwa. Mkubwa wa nyumba humtemea mate kidogo viganjani na kuitaja kazi anayoiendea, na mzazi ndiye humwambia aitaje ipi. Ikishatajwa, hakuna anayebisha. Basi njiani kwenda kwa mama yangu kule Subukia nilikuwa nimeshaamua: ningesema uuguzi. Msichana angenuna, lakini angekuwa na kazi.

Mama akaishika mikono ya mjukuu wake sebuleni. "Haya, huyu anaenda kusomea nini?"

Nikatazama dirishani nipate nguvu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, shamba liko wazi, na pale katikati nilimwona baba akizunguka mibuni isiyokuwepo. Najua aliyezikwa harudi. Lakini nilimwona, na koti lake la mvua, na nikahisi lile shoka liko mkononi mwangu.

"Kompyuta," nikasema.

Mama akanigeukia. "Si ulisema hiyo kitu inakufa?"

"Nilisema. Wewe mbariki tu, mami."

Akambariki. Binti yangu alikuwa akilia na kucheka, nami hadi sasa sijui kama nimemwachia mti au kisiki.

Tulipoaga tulikatiza shamba kuelekea barabarani. Yeye alitangulia, akipita katikati moja kwa moja, viganja bado amevifumba. Mimi nilimfuata nyuma, nikizunguka kushoto, kulia.