Mama Gaju na Shitingi ya Kwanza

"Wa pili? Miye, wa pili? Natanaeli, mu hiyo kichwa yako muko nini?"

Nyirabizimana alikuwa amesimama katikati ya kikao na kikombe cha chai mkononi, na kila alipotamka "wa pili" chai iliruka ikalowesha miguu ya watu. Kilikuwa kikao cha Kikundi cha Historia. Watu wa njia moja ya Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, walikutana kila Alhamisi mbele ya kinu cha mahindi kuulizana mtaa wao ulianzaje, kabla wanaojua hawajafa au hawajapanda ndege kwenda kuanza maisha ng'ambo. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakiomba kuona masufuria ya zamani, majembe ya kwanza, picha zilizoliwa na mchwa. Nyirabizimana alijiunga kwa sababu ya mandazi. Hilo halikuwa siri. Alilisema siku ya kwanza kabisa, mdomo umejaa.

"Mama Gaju, ikaa chini kwanza," alisema Natanaeli, mwenyekiti, mzee mpole aliyefundisha kwaya na kuzoea kelele. "Batu mingi banasema Mama Bella njo alitangulia ku ile njia."

"Batu gani? Bale banakulaka maharage yake?"

Mama Bella mwenyewe, yaani Cansilde, Mrundi, jirani yake wa ua kwa ua, alikuwa pale pale akichambua mawe kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa.

"Wekeni anavyotaka," akasema. "Mimi nilifika nilipofika."

Jibu hilo lilimchoma Nyirabizimana kuliko tusi. Tusi angelirudisha na chenji.

Jambo lenyewe lilikuwa kibao. Kikundi kilikuwa kimeamua kusimamisha kibao mwanzoni mwa njia, kiandikwe jina la aliyejenga wa kwanza. Jina lingetangazwa Nyamitanga, kule Mbarara, masista walikoalika vikundi vya mitaa kuonyesha vitu vyao vya kale. Nyirabizimana alikuwa na sababu yake ya kukitaka. Kila alipotoka sokoni na kupanda bodaboda, hakuna kijana aliyejua kwake. Ilimbidi aseme, "Nipeleke kwa Mama Bella, kiisha mbele kidogo." Binti yake Gaju alikuwa Kanada, na hakuwa na mtoto mwingine. Siku Gaju akirudi na kuuliza kwao ni wapi, ataambiwa nini? Kwa Mama Bella, kiisha mbele kidogo?

Basi akatoa wazo, na alilitoa kwa sauti kubwa, maana hajawahi kuwa na sauti nyingine.

"Maneno ya mudomo tuache. Tuangalie shitingi! Mwenye kuwa na shitingi ya kale kupita zote, njo wa kwanza. Kwisha."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Shitingi, ile plastiki ngumu ambayo mkimbizi hupewa akifika ili ajifunike, kila mtu Nakivale anaijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe. Za zamani zilikuwa nzito, zenye nyuzi nyeusi ndani; za siku hizi ukipiga chafya zinapasuka. Ukionyeshwa kipande tu utasema mwenyewe alifika wakati wa mgao wa mahindi ya njano au wakati wa ule wa unga wa wadudu. Natanaeli akaona ni haki.

"Mama Bella, yako iko?"

"Sijui ilienda wapi," alisema Cansilde. "Miaka mingi sijaiona."

Nyirabizimana nusura acheze. Ya kwake ilikuwepo! Ilikuwa imetandazwa chini ya mabati, dari ya chumba, nyeusi kwa moshi, nzito kama ngozi ya fahali. Aliishusha siku ile ile, mende wakamshukia kichwani kama baraka, akaisugua kwa majivu na sabuni mpaka mabega yakagoma. Aliosha upande mmoja tu, ule wa kuonyesha watu. Ndivyo alivyokuwa akioga utotoni pia, mama yake alikuwa akimpiga kwa hilo.

Siku ya safari walipanda lori lililokuwa linapeleka mahindi Mbarara. Nyirabizimana alikalia shitingi yake iliyokunjwa, hakutaka mtu aishike. Walipovuka daraja la mto Rwizi kuingia Nyamitanga, alikuwa ameshapanga hotuba, na ndani ya hotuba alikuwa ameshajililia mara mbili.

Ukumbi ulijaa. Yeye mlokole hakujua aweke wapi macho mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaamua kuisalimia kwa kichwa, kama mke mwenza wa mtu mkubwa. Sista Goretti, Mnyankore mfupi mwenye haraka, ndiye aliyekuwa anapanga vitu.

"Banange, hii kitu ni kubwa! Tufunge kwa kamba, watu yote ione."

Wakaitundika. Nyirabizimana akapanda jukwaani, akakohoa, akaanza.

"Bandugu, miye nilifika usiku. Mvua ilikuwa inapiga, sijaona nyumba, sijaona mutu, sijaona hata mbwa. Pori tupu! Nikafunga hii shitingi ku miti mbili, nikalala chini yake na mutoto ku mugongo. Miye njo wa kwanza!"

Watu wakapiga makofi. Sista Goretti akafurahi mno.

"Mama, na huku nyuma iko nini? Wacha tugeuze, ione mzuri."

Akaigeuza. Upande ule haukuwa umeoshwa, ila pembeni palikuwa na kiraka kikubwa kama sahani, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Mtu mwenye akili angenyamaza. Nyirabizimana alikuwa na makofi masikioni.

"Munaona? Hata hii kiraka nilishona miye mwenyewe, na hii mikono, mu giza!"

Natanaeli akainua nyusi. Njia nzima ilijua kwamba Mama Gaju hawezi kushona hata kifungo. Gauni alilovaa lilikuwa limebanwa kwa pini tatu. Na kiraka kile kilikuwa na mshono ulionyooka. Kisha Cansilde, aliyekaa mstari wa mbele na mikono mapajani, akasimama polepole, akasogea, akatemea mate kidole chake na kufuta moshi. Rangi ya zambarau ikatokea. Maua madogo ya njano yakatokea.

"Mama Gaju," akasema, "kiraka hiki nilishona mimi, kwa kipande cha imvutano yangu, nguo niliyovaa siku ya harusi. Kwani tuliolewa wote wawili siku ile?"

Ukumbi ulicheka mpaka Sista Goretti akashika ukuta.

Na hapo, juu ya jukwaa, mvua ya usiku ule ikamrudia Nyirabizimana yote. Kweli hakuona nyumba, maana kulikuwa giza na kichwa chake kilikuwa chini ya khanga. Mkono ulitoka gizani na plastiki iliyovuliwa juu ya jiko, na sauti ya Kirundi ikasema, chukua, usiku huu tu. Kulipokucha akaona nyumba ya nyasi pale pale, imekwisha jengwa, inatoa moshi. Akadhani ni kichuguu? Hapana. Ila mtu akiamka mzima baada ya usiku kama ule, anaona dunia imeanza na yeye. Na shitingi yake mwenyewe, aliyopewa wiki iliyofuata? Aliiuza sokoni Rugaaga akanunua ndizi.

"Eh, batu ya Mungu," alisema, na sauti kwa mara ya kwanza ilitoka ndogo. "Ile sheria ya shitingi, munakumbuka ni nani aliileta? Ni miye hapa. Hakuna mutu alinisukuma. Na hii shitingi ni yake. Muandike Mama Bella."

Wakapiga makofi tena, makubwa kuliko yale ya kwanza, jambo lililomuudhi kidogo.

Aliposhuka alimkuta Cansilde bado ameshika pembe ya kiraka.

"Nitakufulia upande huu pia, kiisha nitakuletea yote," Nyirabizimana akasema bila kumtazama.

"Plastiki sitaki. Waachie masista, nimeshakusamehe. Lakini kitambaa nirudishie. Ile nguo nyingine yote ilibaki Burundi. Sikujua kama kipande hiki bado kipo."

Nyirabizimana akaomba wembe kwa Sista Goretti. Akaketi sakafuni, chini ya kamba, na wakati mgeni wa heshima anahutubia, akakata uzi mmoja mmoja, ulimi nje, asije akakwaruza ua hata moja. Akajikata kidole mara mbili. Alipomaliza akakipangusa kitambaa kwa gauni lake, akakikunja, akamwekea jirani yake kiganjani kwa mikono miwili.

Cansilde akakitia kifuani, ndani ya blauzi.

"Deni limekwisha," akasema. "Sasa inuka, dada. Wanapakua chakula, na umeniziba njia."