Sindano Apimwa Damu

Mtaani walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na kwa sababu alikuwa mwembamba hata upepo ukivuma watu walimtania ashike nguzo. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa kula hakuwa na mpinzani. Asubuhi mayai matatu ya kukaanga na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Mchana nyama ya mbavu yenye mafuta yanayochuruzika hadi kwenye kiwiko. Kisha hukaa kwenye cherehani mpaka jua lizame.

"Chakula chote hiki kinakwenda wapi?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Kinapita tu," akajibu. "Hakijapata pa kukaa."

Kaka wa mkewe, muuza nyama pale sokoni, yeye alikuwa pande la mtu. Zahanati ilipotangaza upimaji wa bure, Sindano aliacha kazi amsindikize.

"Twende, shemeji. Nataka nikusikie ukisomewa hukumu yako."

Muuguzi hakukubali watazamaji. Aliyeingia lazima apimwe, akasema, na Sindano akakunja mkono wa shati huku akicheka.

Majibu yalipotoka, muuza nyama aliambiwa presha imepanda kidogo, ila mafuta ya damu yako sawa. Sindano akaambiwa lehemu yake, yaani hayo mafuta ya damu, iko juu, tena juu sana.

"Dada yangu, umechanganya karatasi," alisema. "Hizo ni za huyu bwana. Mtazame, halafu nitazame mimi."

Karatasi hazikuchanganywa. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimketisha.

"Unene unaonekana, fundi. Lehemu haionekani. Inajijenga kwenye mishipa kimyakimya na mwenyewe hana habari. Baba yako yupo?"

Baba yake alikuwa mwembamba kama yeye. Alianguka asubuhi moja akifunga kamba za viatu, akiwa na miaka arobaini na tisa, na hakuamka tena. Nyumbani walisema ni uchovu.

Daktari alimpa miezi mitatu abadili chakula na autembeze mwili. "Isiposhuka vya kutosha, tutaongeza dawa. Kumeza dawa si aibu, usije ukanikimbia."

Mkewe hakungoja kuambiwa mara mbili. Siagi ilihama nyumba. Ukaja uji wa shayiri, maharage, mboga za majani, samaki wa kuchemsha, na karanga za kujaza kiganja kimoja, kiganja cha mke, si cha mume. Sindano alikula wiki ya kwanza kama mtu anayelishwa adhabu.

Kutembea ndiko kulikomtia haya zaidi. "Fundi, ukipungua tena tutakutafuta kwa tochi!" watu walimpigia kelele. Akaanza kupita vichochoroni. Siku ya nne akamkuta shemeji yake anamsubiri nje, amevaa raba mpya.

"Mimi nina presha, wewe una mafuta," alisema muuza nyama. "Tukiunganishwa tunatoa mgonjwa mmoja kamili. Twende."

Wakawa wanakwenda mpaka darajani na kurudi kila alfajiri. Karakana yake ya kushonea ilikuwa ghorofa ya tatu, na Sindano akaacha lifti. Mwanzoni alipumzika kila ghorofa akijifanya anajibu simu.

Wiki ya sita uzalendo ukamshinda. Mchana wa jua kali alifika buchani, akaomba nusu kilo ya mbavu, zile za mafuta.

"Sikuuzii," alisema shemeji yake bila kuinua kichwa.

"Mimi ni mteja kama wengine!"

"Wewe ni shemeji yangu." Akaweka kisu chini. "Dada yangu hatakuwa mjane kwa nyama niliyokata mimi. Nenda kanunue kwingine, lakini ujue nitakuwa nimekuona."

Watu kwenye foleni waliinama kutazama viatu vyao. Sindano aliondoka amefura, na kwa siku tatu hakutoka kutembea. Bucha nyingine zilikuwepo, mbili mtaa huohuo, na hakuingia hata moja. Siku ya nne alfajiri yeye ndiye aliyekwenda kubisha mlango wa muuza nyama.

"Umelala mpaka sasa?" alimuuliza, na hapo ugomvi ukaisha.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari aliisoma karatasi polepole. Lehemu ilikuwa imeshuka sana, ingawa haikuwa imefika pale alipotaka. Akasema pengine jambo hili liko kwenye ukoo. Angemwanzishia kidonge kidogo, na chakula na matembezi yaendelee kama yalivyo.

"Kwa hiyo nimeshindwa?" aliuliza Sindano.

"Umeshinda nusu kubwa kwa miguu yako. Hiyo iliyobaki tutasaidiana. Ndugu zako wamepimwa?"

Jioni hiyo alimpigia simu dada yake mkubwa. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mdogo wangu, mimi na wembamba wangu huu?"

"Ndiyo maana nakupigia."

Kicheko kikakatika. Wote wawili walikuwa wanamkumbuka mtu mmoja. Dada akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi, na kama aje akiwa hajala.

"Muuguzi atakwambia," alisema Sindano. "Nitakupitia. Vaa viatu vya kutembelea, tutakwenda kwa miguu."