Meza Iliyovaa Viatu vya Simenti

Tausi alidhulumiwa na meza. Ukitaka kusema sawasawa, alidhulumiwa na watu walioinua meza ili asiifikie, kisha wakamlipa nusu mshahara kwa sababu haifikii. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Kiwanda kilikuwa cha kukata mananasi, Thika, na jengo lake siku hizi ni ghala la mbolea.

Mambo yalikuwa hivi. Wasichana wadogo walisimama juu ya kreti za mbao ili wafikie meza ya kumenyea. Wakaitwa watoto wa kreti. Wanawake wakubwa walisimama sakafuni. Kisu kilikuwa kilekile, nanasi lilelile, na wote walitoka king'ora cha jioni kikilia, lakini mtoto wa kreti alichukua nusu. Nyapara alikuwa amewaambia neno moja, na wasichana wakalishika kama ahadi ya baba: siku utakayoshuka kwenye kreti na kukata bila kuinua mabega, umekuwa mtu mzima, na utalipwa kama mtu mzima.

Tausi akakua. Nyapara akienda kunywa chai, yeye hushuka kidogo na kujipima. Kuelekea mwisho wa mwaka viwiko vyake vilikuwa vinalala juu ya meza bila taabu. Akanyamaza, akangoja wakati mzuri wa kusema.

Kiwanda kikafungwa, kama kila mwaka, ili mitambo isafishwe. Kilipofunguliwa, kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya, na miguu ya meza ilikuwa imevalishwa viatu vya simenti, laini, vya rangi ya kijani. Wakaambiwa ni kwa ajili ya kutu, maana maji ya nanasi hula chuma. Wasichana wakavipenda sana. Wamboi, aliyesimama kreti ya jirani, alisema meza zimechumbiwa, ndiyo sababu zimenunuliwa viatu.

Siku hiyohiyo Tausi alishuka kwenye kreti mbele ya nyapara. Meza ikamfika kifuani.

"Panda, toto," nyapara akasema. "Bado wewe."

Hakuna aliyeishuku meza. Meza ni chuma, haikui. Binadamu ndiye hubadilika. Basi wasichana wakaamini wamerudi chini, kimo kimepungua. Mmoja akasema ni ukali wa nanasi, unaingia kwenye vidole na kukausha mifupa. Mwingine akasema ni kusimama sana, mtu anajikalia mwenyewe kama gunia. Wanawake wakubwa nao mabega yakawauma, wakasema ni uzee. Mama yake Tausi alimpikia uji wa wimbi akaomba dua. Jioni Tausi alikuwa akining'inia kwenye goli la uwanja wa mpira huku Wamboi akimvuta miguu.

"Umerefuka?"

"Sijui. Mabega yanauma."

"Basi yanarefuka hayo."

Mwaka uliofuata viatu vya meza viliongezwa soli. Tausi hakushuka kwenye kreti mpaka mwenye kiwanda alipouza mashine na kuondoka.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa mtoto mdogo asiyejua lolote la kiwanda. Tausi alikuwa ameshaolewa, anakaa chumba kimoja mtaa wa Kiandutu, hapo Thika, na binti yake Hayat ndio kwanza amejua kupanda kitandani peke yake. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo mume wake alikiinua kitanda juu ya matofali, apate pa kuweka magunia ya makaa. Hayat akaja mbio, akaparamia, akateleza, akaparamia tena. Akakaa chini akalia.

"Mama, nimekuwa kadogo!"

Tausi alibaki amesimama na mwiko mkononi. Kisha akatoka hivyohivyo, mwiko unadondosha mchuzi, mpaka kwa Wamboi aliyekuwa amepanga nyumba ya tatu.

"Wamboi! Hatukurudi chini!"

"Chini wapi?"

"Kiwandani! Meza ndiyo ilipanda!"

Wamboi akakaa juu ya dumu la maji. "Ngai! Na vile nilikuvuta miguu, Mama Hayat." Akacheka mpaka akatoa machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Tangu siku hiyo Tausi alikuwa na hasira, lakini hasira huchoka na kulala. Kilichokataa kulala ni kutaka kujua. Aliyemwaga simenti alijua anafanya nini? Aliambiwa kutu, au aliambiwa wasichana? Hata akikaanga viazi karai pale nje ya kibanda chake, mteja anaongea naye, yeye anaiwaza simenti. Alishasikia kwamba fundi alikuwa mtu mmoja wa upande wa Ruiru, Zacharia, na kwamba yu hai.

Ndipo ikaja Desemba ya mwaka wa tisini na sita. Hayat alikuwa na miaka kumi na mitano, amemaliza darasa la nane, anangoja matokeo. Shamba moja la maua huko Ruiru lilitaka mikono mingi kwa msimu wa Februari, Wazungu wanapopeana mawaridi. Wenye mashamba walikuwa wanaomba sheria ya kazi ya vijana ilegezwe: kijana afanye kazi mpaka usiku wakati wa msimu, na alipwe nusu mpaka aifikie kazi ya mtu mzima. Mkutano wa kusikiza maoni ukaitishwa kwenye ukumbi wa kanisa, mtaani Kimbo, hukohuko Ruiru. Anayetaka kazi aende na mzazi, mzazi akubali papo hapo.

"Mathe, si unikubalie tu," Hayat alisema. "Karo ya sekondari itatoka wapi? Kwa viazi?"

"Viazi ndivyo vimekufikisha hapo."

"Wewe unaniletea mambo ya enzi za mkoloni."

"Mkoloni gani? Mkoloni alikuwa ameshaenda! Hao walikuwa wetu."

Wamboi naye alikuwa upande wa Hayat. Kijana wake, Bedan, alikuwa anashinda kwenye kona akipiga gumzo na kutafuna miraa. "Nusu ya kitu ni kitu, Mama Hayat. Mimi nusu ile ilinilisha."

"Na nusu ile nyingine ilimlisha nani?"

"Wee, twende tukasikize. Utakufa na hiyo meza."

Ukumbi ulijaa. Karanja, msemaji wa wenye mashamba, alikuwa kijana wa suti na sauti nzuri, tena hakuwa mjinga. Alisema sheria ilivyo sasa inamfungia kijana mlango, na kijana akifungiwa mlango anapitia dirisha la mwenzake. Watu wakacheka na kupiga makofi. Mama mmoja akasimama akamshukuru hata kabla ya kupewa chochote. Tausi mwenyewe aliona kuna ukweli humo. Alipogeuka kumtafuta Hayat, macho yake yakaanguka kwenye safu ya wazee. Mwisho wa benchi alikaa mzee mwenye kofia magotini, na vidole vyenye makovu meupe ya simenti.

"Ni yeye?" akanong'ona.

"Zacharia mwenyewe," Wamboi akasema. "Usianze."

Tausi akainua mkono.

"Mwanangu Karanja, umesema nusu mpaka kijana aifikie kazi ya mtu mzima. Nani atashika kipimo?"

"Msimamizi, mama."

"Na kipimo chenyewe ni kipi? Tuambie leo, mbele ya watu, tuende nacho nyumbani."

Karanja akatabasamu. "Mama, hayo ni ya ndani ya shamba."

Basi Tausi akawasimulia meza. Hakulia wala hakupiga kelele. Alipofika kwenye kuning'inia golini watu walicheka, naye akawangoja wamalize. Alipofika kwenye kitanda cha Hayat, binti mwenyewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, akakiinua. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba ni yeye aliyelifumbua fumbo.

"Hiyo ni hadithi tamu, mama," Karanja alisema kwa upole. "Lakini nani atajua kama ni kweli?"

"Mzee Zacharia anajua. Yuko hapo. Mzee, sema."

Vichwa vyote viligeuka. Zacharia aliizungusha kofia. "Ilikuwa kutu," akasema.

"Umesikia," Karanja akasema, na mkutano ukaendelea kwa wengine.

Zacharia hakubaki ukumbini. Alitoka taratibu kama anayekwenda haja, na Tausi akamfuata mpaka kwenye bomba la maji uani.

"Shikamoo mzee. Sikuja kukugombeza. Mimi nataka kujua tu."

"Marahaba." Alinawa mikono iliyokuwa safi. "Kutu inakaa chini, binti yangu. Kutu unaiwekea simenti kimo cha kidole kimoja. Mimi niliambiwa kiganja kizima. Nikauliza kwa nini kiganja. Nikaambiwa, kwani simenti ni yako?"

"Ulijua?"

"Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili niliziona zile kreti."

Miaka yote Tausi alidhani akilipata jibu hili atapiga mtu. Sasa alilishika, akaligeuza, akaona ni dogo, linaingia mkononi.

"Rudi ndani useme hivyohivyo. Maneno hayohayo, usiongeze."

"Mwanangu wa mwisho ni dereva wa shamba la kina Karanja." Akavaa kofia. "Nimekwambia wewe. Inatosha."

"Haitoshi. Mimi nilikuwa nimeshajua. Wale ndio hawajui."

Mzee akaenda zake kwa mlango wa nyuma.

Tausi aliporudi, wazazi na vijana walikuwa kwenye foleni ya kukubali. Wamboi alikuwa mbele na Bedan, hakugeuka. Hayat naye alikuwa amepanga foleni, na zamu yake ilikuwa imefika. Tausi akaenda kusimama nyuma yake. Alikuwa ameamua hatamzuia. Asije akawa yeye ndiye aliyemfungia mlango.

"Nina swali," Hayat alimwambia Karanja. "Watu wazima wanafunga maua ndoo ngapi kwa siku?"

"Inategemea."

"Leo wamefunga ngapi?"

"Inategemea msimu, msichana."

"Na msimu ukianza, nikizifikia hizo ndoo, idadi haitapanda?"

Karanja alimtazama yule binti, kisha akamtazama mama yake aliyekuwa nyuma. "Inategemea," akasema mara ya tatu.

Hayat akatoka kwenye foleni. Njia nzima mpaka nyumbani alikuwa na hasira na kila mtu, mama yake akiwa wa kwanza, kwa sababu karo bado ilikuwa haina pa kutoka. Asubuhi aliamka akamenya viazi bila kuambiwa, na kila kiazi alikitupa kwenye maji kama anayempiga mtu.

Nyapara alishakufa. Mwenye kiwanda hakuna anayejua aliko. Karanja ana deni la jibu moja, idadi ya ndoo, na wale waliokubali watamdai wenyewe. Lakini Zacharia yu hai, anakaa Kimbo, na miguu yake bado inamfikisha ukumbini. Anadaiwa na Tausi, na Wamboi pia hata kama hataki, na kila msichana aliyevutwa miguu golini: asimame mbele ya watu aseme haikuwa kutu.